Irving Berlin: mtunzi wa nyimbo katika lugha ya kujifunza

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya Irving Berlin (1888-1989), mtunzi wa nyimbo za jukwaani na za sinema nchini Marekani. Swali linalotuongoza ni hili: je, mtu aliyelelewa katika lugha nyingine aweza kuwa fundi wa lugha aliyoikuta ugenini?

Berlin alizaliwa katika Dola ya Urusi, kwa wazazi Wayahudi waliosema Kiyidishi. Mwaka 1893, akiwa mtoto wa miaka 5, alifika New York pamoja na jamaa yake. Alipofiwa na baba, akiwa na miaka 13, aliacha shule akawa mwimbaji wa barabarani, kisha mhudumu mwimbaji katika mkahawa. Hivyo Kiingereza chake kilitoka hasa vinywani mwa watu. Hata muziki hakujua kuuandika: alipiga piano kwa vibonye vyeusi, na msaidizi akanukuu.

Upungufu huo ulimwelekeza kwenye maneno mafupi ya mazungumzo. Mwaka 1911 wimbo "Alexander's Ragtime Band" ulimpatia sifa hata ng'ambo. Mwaka 1914 alitunga nyimbo za tamthilia Watch Your Step. Sauti ilipoingia katika sinema, Al Jolson aliimba "Blue Skies" katika The Jazz Singer (1927). Zikafuata filamu Top Hat (1935) na Holiday Inn (1942), ambamo "White Christmas" ilimletea tuzo ya Oscar.

Lakini ushahidi mzito zaidi umo katika As Thousands Cheer (1933), onyesho lililopangwa kama gazeti. Kichwa kimoja cha habari kilitangaza kwamba mtu mweusi asiyejulikana ameuawa na kundi la watu. Ndipo Ethel Waters, katika nafasi ya mjane, akaimba "Supper Time". Wimbo huo hauwataji wauaji. Wataja chakula cha jioni, watoto, na mume asiyerudi tena. Yule ambaye gazeti lilimwita asiyejulikana, wimbo ulimrudishia nyumba na jamaa.

Kwa kumalizia, jibu la swali letu ni ndiyo. Wanafunzi wengi hudhani kuwa umahiri ni wingi wa maneno magumu. Kazi ya Berlin yaonyesha kwamba lugha ya kujifunza hutawaliwa kwanza kwa kuwasikiliza wasemaji wake, na kwamba neno la jikoni laweza kubeba msiba wa taifa.