Miti Iliyobadilishwa Jeni: Faida na Hasara

Karo yangu ya mwaka huu imetoka kwenye mikaratusi. Baba aliiuza iwe nguzo za stima. Lakini chemchemi iliyo chini ya shamba letu siku hizi hukauka kila Januari, na mama huiona mikaratusi ndiyo mwizi.

Wataalamu nao wameunda mkaratusi uliotiwa jeni ya mmea mwingine ili ukue upesi zaidi. Brazil iliuidhinisha mwaka wa 2015. Waliouunda walisema hutoa takriban asilimia 20 zaidi ya mbao. Faida ni wazi: pesa huja mapema, na misitu ya asili yaweza kuepuka shoka.

Hasara je? Wafuga nyuki wa Brazil walilalamika kuwa chavua yake itaingia katika asali yao, wakose wanunuzi. Nyuki hajui mpaka wa shamba, ati! Tena mahindi ukiyajutia, msimu ujao hupandi. Mti hukaa miaka.

Kwa maoni yangu, siukatai mti huu. Ila kabla haujaletwa huku kwetu, swali la mama lijibiwe kwanza: utakunywa maji kiasi gani? Haraka haraka haina baraka.