Saa Ulizocheza Zilikuwa za Nani?

Kijana akifuta gemu kwenye simu baada ya kuicheza kwa miaka, kinachobaki kumsumbua ni hesabu. Saa zote zile zimekwenda wapi, na bando lote lile? Hapa Tongoni, kwenye barabara ya Pangani, nimesikia vijana wakijihukumu kwa hesabu hiyo kwa ukali kuliko wazazi wao. Mimi naona hesabu yenyewe inaanzia pabaya. Kabla ya kujumlisha saa, tuulize kila saa ilichezwa kwa hiari ya nani.

Tuanze na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Watu wananamua, wanaingia mtaji, na mmoja akiishiwa kete mstari wa mbele, au akikosa ya kutembea, amefungwa. Anainuka, anakaa mwingine. Adhana ya Magharibi ikilia, baraza zima linasimama. Mchezo una mwisho wake, na siku nayo ina mwisho wake.

Gemu ya mtandaoni imenyimwa mwisho kwa makusudi. Katika Free Fire watu wapatao 50 wanashuka kisiwani kwa parachuti, wanauana mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja, na pambano zima huwa halivuki robo saa. Lakini pambano likiisha, mchezo haujaisha. Kuna ranki ya kupanda, na msimu ukifungwa unashushwa ili upande upya. Kuna zawadi ya kila siku kwa anayeingia, na skini, yaani mavazi na mapambo ya mhusika, zinazouzwa siku chache kisha zinaondolewa. Ushindi nao hauna ratiba: unaweza kupigwa mara sita mfululizo, ya saba ukashinda. Wanasaikolojia Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha mwaka 1957 matokeo ya majaribio yao marefu kwa njiwa. Njiwa anayepewa chakula bila kujua ni donoo la ngapi litakalomlipa hudonoa kwa bidii, na huchelewa sana kuacha hata chakula kikikatwa. Waundaji wa gemu wanalijua somo hilo vizuri. Kijana anayejiambia saa nane za usiku kwamba hili ndilo la mwisho, kisha anaanza jingine, anapambana na kitu kilichotengenezwa na watu wanaolipwa ili asilale.

Na kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawajaelezwa, nalo limeleta ugomvi mwingi majumbani. Pambano la mtandaoni haliwezi kusimamishwa. Mama anaita, "Mwanangu, hebu kimbia dukani uniletee nazi," mtoto anajibu "Nakuja," na hasogei. Mama anaona kiburi. Kumbe kwenye kioo cha simu wako wenzake watatu, mmoja pengine Mombasa, mwingine Maskati, na akiiweka simu chini dakika mbili wote watatu wanapigwa na pointi zinashuka. Amebanwa kati ya utii na uaminifu kwa wenzake. Simtetei, nazi ni lazima ije. Ila mzazi anayelijua hili atasema, "Ukimaliza hilo, usianze jingine," na mara nyingi atasikilizwa.

Sasa turudi kwenye majuto. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jaribio lililofanyika kwenye ukumbi wa maigizo wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani. Baadhi ya walionunua tiketi za msimu mzima walilipa bei kamili, wengine wakapunguziwa bila kutarajia. Maigizo yalikuwa yaleyale, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa zaidi ndio waliohudhuria zaidi. Fedha haikuwa ikirudi, na bado iliwavuta. Hivyo ndivyo mchezaji anavyobaki miezi mingi baada ya utamu kwisha: "Nimeshafika ranki ya Heroic, nimeshanunua skini, niache vipi?" Miezi hiyo, ya kucheza ili usipoteze ulichokwisha kukipoteza, ndiyo ninayoiita hasara bila kusita. Ile ya mwanzo, ya vicheko na kelele kibarazani, siiweki kapu moja nayo.

Pwani hii imeshawahi kubishania suala hili la mchezo na hasara. Ngoma ya beni ilianza Lamu na Mombasa miaka ya 1890, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi wakaieneza bara. Vijana walijigawa Marini na Arinoti, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya mfalme na jenerali, wakashindana kwa gwaride na karamu za gharama kubwa. Wamisionari, maofisa wa kikoloni na baadhi ya wazee walilalamika: fedha zinateketea, kazi zinalala. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionesha upande ambao walalamikaji hawakuuona. Vyama vile vilimpokea mgeni mjini, vilisaidia wanachama kwenye maradhi na mazishi, vilifundisha watu kuendesha mambo yao wenyewe. Vyeo vile vya kijenerali vilikwisha pamoja na ngoma. Wale waliozikana walibaki wakizikana.

Kwa mchezaji wa leo kipimo hicho, cha kuangalia kinachobaki mchezo ukiisha, ni kikali. Ranki, skini na akaunti ni mali ya kampuni, na kanuni alizozikubali bila kuzisoma zinasema hivyo. Wanaodai gemu inanoa akili nao wanazidisha. Ni kweli kwamba mwaka 2003 watafiti Shawn Green na Daphne Bavelier walionesha kuwa kucheza gemu ya vita saa moja kwa siku, kwa siku kumi, kuliongeza umakini wa macho. Hilo halimfundishi mtu kushona nyavu wala kupiga hesabu za duka. Wanaobaki ni watu, kama aliwapata.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2022 utafiti wa wachezaji karibu 39,000, wakitumia kumbukumbu za kampuni zenyewe. Wingi wa saa haukuonekana kubadilisha furaha ya mtu kwa kiasi cha maana. Kilichoonekana kuhusiana nayo ni sababu ya kucheza: anayecheza kwa kupenda alikuwa na hali nzuri kuliko anayejihisi analazimika. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, likieleza maradhi ya gemu linatazama kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi.

Kwa hiyo anayeacha, kabla hajafuta, achukue namba za wale wa kikosi chake anaotaka kubaki nao. Arosto, ile hamu ya kurudi, itamshika zaidi saa ileile aliyozoea kuingia, kwa hiyo saa hiyo awe na pa kwenda, uwanjani au barazani, mahali penye watu. Na wa nyumbani wasimchambue kwa miaka aliyocheza. Aliyeaibishwa hutafuta pa kujificha, na gemu hupakuliwa upya kwa dakika chache.