Picha moja kila juma: namna ya kushiriki



Katika zoezi la picha, kikundi huchagua mada moja kila juma: maji, kuni, ao njia ya shamba. Kila mtu hupiga picha moja kwa simu, hata ya kuazima. Mwisho wa juma tunakaa pamoja, wakimbizi wa ndani na wenyeji, na kila mmoja anaeleza yake: Tunaona nini? Kwa nini iko hivi? Tufanye nini?

Njia hii si mpya. Mwaka 1992, wanawake 62 wa vijijini huko Yunnan, nchini China, walipewa kamera ili waonyeshe viongozi maisha yao.

Mada moja inasaidia nini? Mama aliyekimbia akipiga picha ya kuni, anaonyesha chakula cha watoto. Mwenye shamba akipiga picha ya kisiki, anaonyesha miti yake inayokwisha. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza badala ya ugomvi.

Lakini tuwe waangalifu. Omba ruhusa kwanza. Usipige picha ya askari, silaha wala kizuizi. Usionyeshe uso wa mtoto, wala wa mtu aliyetendewa jeuri. Usitume picha nje ya kikundi bila wote kukubali, kwani inaweza kuonyesha mahali familia ilipojificha.

Viongozi, njooni. Tazameni na kusikiliza kwanza, ndipo mseme.