Picha ya eksirei inayopendeza si lazima iwe picha bora

Enzi za filamu, kosa la kipimo cha mionzi katika chumba cha eksirei lilijifichua lenyewe. Mionzi ikizidi, filamu ilitoka nyeusi; ikipungua, ilitoka nyeupe. Mitambo ya kidijitali imeondoa usumbufu huo, lakini pamoja nao imeondoa onyo.

Siku hizi kompyuta husawazisha weusi na weupe wa picha kabla daktari hajaitazama. Mionzi ikiwa haba, picha hujaa chenga. Ikizidi, picha huwa safi zaidi. Hivyo mpiga picha anayekwepa chenga anaweza, bila kukusudia, kuongeza mionzi kidogo kidogo, na mzigo huo ukabebwa na mwili wa mgonjwa asiyejua lolote. Ndiyo maana jicho pekee halitoshi. Ubora sharti upimwe.

Nini hupimwa?

Kwanza ni uwezo wa kuonesha vitu vidogo. Wataalamu hupiga picha ya bamba lenye mistari myembamba ya madini ya risasi, kisha huhesabu ni jozi ngapi za mistari zinazotofautika ndani ya milimita moja.

Pili ni chenga zenyewe. Hizi hazipungui sambamba na ongezeko la mionzi: ili chenga zitokanazo na uhaba wa mionzi zipungue kwa nusu, mionzi huhitaji kuongezwa mara 4.

Tatu ni ufanisi wa kipokezi, yaani sehemu ya taarifa iliyobebwa na mionzi ambayo hatimaye hufika kwenye picha. Hupimwa kati ya 0 na 1, na hakuna mtambo unaofikia 1. Kipokezi chenye ufanisi mkubwa hutoa picha ya ubora uleule kwa mionzi michache zaidi. Mwaka 2003, Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ilichapisha utaratibu wa pamoja wa kuupima, hivyo mitambo ya watengenezaji mbalimbali ikaweza kulinganishwa.

Namba badala ya filamu nyeusi

Mwaka 2008, tume hiyo ilitoa kiwango kinachohusu kila picha inayopigwa. Mtambo unaokifuata huonesha namba inayolinganisha mionzi iliyofika kwenye kipokezi na ile iliyokusudiwa. Sifuri humaanisha kipimo kimelingana na lengo. +3 ni takriban maradufu, na -3 ni takriban nusu.

Onyo lililopotea pamoja na filamu limerudi kwa sura ya namba, mradi awepo wa kuisoma na kuiwekea kumbukumbu.

Haya hayamaanishi kwamba mgonjwa aiogope eksirei aliyoandikiwa na daktari. Picha inayohitajika ina faida kubwa kuliko madhara yake. Linalodaiwa kwa hospitali ni jambo moja: picha ioneshe kinachotafutwa, kwa mionzi isiyozidi inayohitajika.