Sinthesaiza: Jinsi Umeme Unavyounda Nota ya Muziki

Mwaka 1948, Mfaransa Pierre Schaeffer alirekodi mlio wa kengele, kisha akaondoa kishindo chake cha mwanzo. Mlio uliosalia haukufanana tena na kengele, bali ala ya kupuliza ya jamii ya zumari. Jaribio hilo lilidhihirisha kwamba ala haitambulikani kwa kimo cha sauti pekee. Hutambulikana pia kwa jinsi sauti inavyoanza, inavyodumu na inavyofifia.

Katika sinthesaiza ya vipande, ambayo Mmarekani Robert Moog alianza kuiunda mwaka 1964 akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, kila kazi hupewa kifaa chake.

Kifaa cha kwanza ni osileta, yaani sakiti inayotoa volti ipandayo na kushuka mfululizo. Ikifanya hivyo mara 220 kwa sekunde, kipaza sauti hutoa nota ya hezi 220. Kimo chenyewe huongozwa na volti nyingine. Kwa kipimo cha Moog, kila volti 1 inayoongezwa huzidisha masafa mara mbili: 220 huwa 440, kisha 880. Kwa kuwa oktava ina hatua 12, kila kibonye cha kinanda huongeza volti 1/12. Umbo la wimbi nalo hubadili ladha ya sauti. Wimbi la meno ya msumeno huchanganya hezi 220 na 440, 660, 880 na kuendelea. Wimbi la mraba huwa na vizidisho witiri tu, yaani 660, 1100 na kuendelea.

Hata hivyo, osileta hulia bila kukoma maadamu ina umeme. Kwa hiyo mawimbi yake hupitishwa katika amplifaya, ambayo ni kama koki ya bomba la maji. Mkono unaoifungua na kuifunga koki hiyo ni kifaa cha tatu, envelopu.

Kibonye kinapobonyezwa, volti ya envelopu hupanda hadi kilele, hushuka hadi kiwango fulani, hudumu hapo, na kidole kinapoondolewa hurudi sifuri. Amplifaya hukuza mawimbi kulingana na volti hiyo. Kupanda kukichukua sekunde 0.005, na kiwango cha kudumu kikiwa sifuri, nota hulia kama uzi wa gitaa unaocharazwa. Kupanda kukichukua sekunde 0.2, na kiwango kikabaki juu, nota hiyo hiyo huingia taratibu kama fidla ya upinde. Masafa hayakubadilika hata kidogo.

Kwa kuwa vifaa vyote huongozwa kwa volti, waya mmoja tu huweza kuleta ala mpya. Envelopu ikiunganishwa na osileta pia, kimo huanza juu na kuporomoka, na nota huwa kishindo cha ngoma.

Walimu wanaweza kulithibitisha jambo hili darasani. Nota ya piano irekodiwe kwa simu au kompyuta, kisha ichezwe kinyumenyume. Masafa ni yale yale, lakini wanafunzi watabishana ni ala gani.