Jinsi Watu wa Kale Walivyoijua Tumbaku

Watu wengi wa Burat, na wa Isiolo nzima kwa jumla, hudhani kwamba tumbaku ni mmea wa nchi hii tangu asili, na kwamba ugoro ni mila iliyoanza pamoja na ng'ombe na ngamia. Dhana hiyo si ajabu. Mturkana huiita etaba, Msamburu huiita lkumpau, Mborana huiita tamboo, na Mmeru huiita mbaki. Na kitu chenye jina katika kila lugha huonekana kuwa ni mali ya wenyewe. Tena kwa makabila mengi posa haianzi vema mpaka wazee wapelekewe tumbaku yao.

Lakini kweli ni kwamba tumbaku ni mgeni. Ilitoka mbali sana, ng'ambo ya bahari, na kabla haijafika hapa ilikuwa imekwisha tumiwa huko kwa maelfu ya miaka. Yafaa msomaji azijue habari zake, kwa kuwa habari hizo ndizo zinazoeleza kwa nini wanadamu waliutambua upesi utamu wa jani hili, wakachelewa mno kuitambua hasara yake.

ASILI YAKE

Mimea ya jamaa ya tumbaku ni ya namna nyingi, zaidi ya 70, na karibu yote asili yake ni bara la Amerika na Australia. Katika Afrika nzima iko namna moja tu ya asili, nayo huota katika milima ya Namibia. Tumbaku tunayoilima na kuinunua sokoni ni ya Amerika ya Kusini.

Kwa hiyo watu wa kale kabisa wa nchi yetu hawakuijua. Yule kijana ambaye mifupa yake ilifukuliwa Nariokotome, magharibi ya ziwa Turkana, mwaka 1984, aliishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Yeye na waliomfuata kwa vizazi vingi visivyohesabika walichonga mawe, wakawinda na kuchimba mizizi, lakini tumbaku hawakuiona kamwe. Hata bangi, ambayo nayo ni mgeni kutoka Asia, ilitangulia tumbaku kufika pande hizi: katika pango la Lalibela, nchini Ethiopia, viliokotwa vichwa vya viko vya udongo vya karne ya 14 vyenye mabaki ya bangi. Wakati huo hapakuwa na mtu Afrika aliyekuwa amepata kuionja tumbaku.

MEKO YA WAWINDAJI

Mchungaji mzoefu ajua kuyasoma majivu. Akipita penye kambi iliyohamwa hutambua ni watu gani waliokaa hapo, walikula nini, na wameondoka lini. Wataalamu wa mambo ya kale nao hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, ila majivu yao ni ya zamani zaidi.

Katika jimbo la Utah, nchini Marekani, kuna jangwa kubwa la chumvi ambalo sehemu yake hutumiwa kwa mazoezi ya jeshi la anga. Mwaka 2015 wataalamu waligundua huko meko ya wawindaji wa zamani, iliyofukuliwa na upepo. Ndani yake mlikuwa na mkaa wa mti, vipande vya zana za mawe, na mifupa mingi ya bata, maana wakati ule mahali hapo palikuwa na maji na majani tele. Walipoyachekecha majivu wakapata na mbegu nne za tumbaku mwitu, zilizoungua zikawa nyeusi.

Mkaa ulipopimwa ulionekana kuwa na umri wa miaka kama 12,300. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2021, zikawashangaza watu wengi, kwa sababu ushahidi mkongwe uliojulikana kabla ya hapo ulikuwa wa kiko cha miaka kama 3,300 tu. Tumbaku haioti katika bwawa, bali huota mahali pakavu palipoinuka. Na majani yake si kuni nzuri. Kwa hiyo wataalamu waliona kwamba wawindaji wale waliichuma mahali pengine wakaja nayo kambini kwa makusudi, ama waitafune, ama waivute, huku bata wao wakiiva. Walikuwa hawajaanza kulima wala kufuga ng'ombe. Binadamu alikuwa rafiki wa tumbaku kabla hajawa mkulima.

NJIA TATU ZA KUIJUA

Je, mtu wa kwanza aliijuaje? Ili kujibu, yatupasa kwanza tuujue mmea wenyewe. Mizizi ya tumbaku hutengeneza sumu iitwayo nikotini, na sumu hiyo hupanda hata kwenye majani. Kazi yake ni kuulinda mmea usiliwe na wadudu. Ndiyo maana wakulima wa zamani walikuwa wakichemsha tumbaku na kunyunyiza maji yake juu ya mboga ili kuua wadudu. Mnyama akila kwa wingi mmea wa jamaa hii huweza kufa. Lakini kwa mwanadamu sumu hiyo, ikiwa kidogo sana, huuamsha ubongo, hupunguza njaa, na hufukuza usingizi. Kwa mmea ule ni silaha. Kwetu ikageuka kuwa kishawishi.

Njia ya kwanza ya kuijua ni kinywa. Watu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kuchuma walionja kila jani. Aliyelitafuna jani hili safari ya kwanza alitema mate, akasikia kichefuchefu na kizunguzungu; lakini baadaye njaa yake ikatulia na miguu ikawa myepesi. Mtu aliye safarini hawezi kulisahau jambo kama hilo.

Njia ya pili ni moto. Mashina makavu yakitupwa mekoni hutoa moshi, na moshi wa tumbaku ukivutwa hufikisha nikotini ubongoni katika muda usiotimia hata nusu dakika. Waliokaa upande ule upepo unakoelekea waliyapata mambo hayo pasipo kuyatafuta.

Njia ya tatu ni ngozi. Nikotini huyeyuka katika maji na kupenya mwilini. Hata leo wachumaji wa tumbaku wanaoingia shambani wakati wa umande huugua: huumwa na kichwa, hutapika, na hulegea. Aliyechuma majani mabichi ya tumbaku kwa mikono mitupu alijua upesi kwamba mmea huu una nguvu isiyo ya kawaida.

SIRI YA MAGADI

Yako maarifa mengine ambayo wazee wetu wanayafahamu sana: tumbaku ya kutafuna au ugoro ukichanganywa na magadi huwa mkali zaidi. Sababu yake ni hii. Nikotini iliyomo katika jani imefungwa na asidi, na ikiwa katika hali hiyo haipenyi kwa urahisi katika ufizi wala katika pua. Magadi huiondoa nguvu ya ile asidi, na nikotini hufunguliwa ikaingia kwenye damu mara moja. Chokaa nacho hufanya kazi hiyo hiyo, na ndiyo maana watu wa pwani hutia chokaa katika tambuu.

Jambo la ajabu ni kwamba katika nchi ya Venezuela, huko Amerika ya Kusini, kuna ziwa dogo karibu na mji wa Lagunillas, katika jimbo la Mérida, ambalo hutoa chumvi ya namna ile ile inayopatikana katika ziwa Magadi hapa Kenya. Wenyeji wa huko huichanganya na tumbaku iliyochemshwa ikawa nzito kama uji mgumu, wakaiweka kinywani. Wao na wazee wetu hawakupata kukutana wala kupelekeana habari. Hii yatuonyesha kwamba watu wa kale, ijapokuwa hawakuwa na maabara, walikuwa wachunguzi hodari. Kila kilichoweza kuonekana au kusikika mwilini katika muda wa saa moja walikigundua.

SAFARI YA KUJA KWETU

Mwaka 1492 Christopher Columbus alipovuka bahari ya Atlantiki, wenyeji wa visiwa vile walimpa zawadi ya majani makavu, naye hakuelewa ni ya nini. Mwezi wa Novemba mwaka huo watu wake wawili, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, walitumwa ndani ya kisiwa cha Cuba, wakawaona watu wakivuta moshi wa majani yaliyoviringishwa. Mwaka 1560 Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, aliipeleka tumbaku kwa jamaa ya mfalme wake kama dawa, na jina la nikotini limetoka kwake.

Katika karne ya 16 na ya 17 merikebu za Wareno na wafanya biashara wengine ziliieneza tumbaku katika pwani za Afrika na Asia. Ilifuata njia moja na mahindi, muhogo na pilipili, ambavyo pia asili yake ni Amerika. Lugha yetu imehifadhi alama za safari hiyo: neno "tumbaku" ni ndugu wa maneno ya Kiarabu na Kihindi, na kile kikopo cha ugoro kiitwacho "tabakelo" kimepata jina lake kwa Wareno. Kutoka pwani mbegu zilipanda bara. Wakulima wa milimani wakailima, na wafugaji wa nchi kavu wakaipata kwa kubadilishana.

Basi umri wa tumbaku kwetu ni miaka 400 hivi au zaidi kidogo. Ni mila, lakini si mila ya tangu mwanzo.

NUSU ILIYOFICHIKA

Mtu akiumwa na nyoka humjua aliyemuuma papo hapo. Tumbaku haiumi hivyo. Raha yake huonekana katika dakika moja, lakini madhara yake huja baada ya miaka 20, 30 au 40, wakati ambapo mgonjwa na jamaa zake hutafuta sababu nyingine. Kwa hiyo watu waliokuwa werevu hata wakaijua siri ya magadi hawakuweza kuiona nusu hii ya pili. Ilihitaji watu wengi wahesabiwe na habari zao ziandikwe kwa muda mrefu.

Kazi hiyo ilifanywa na Richard Doll na Austin Bradford Hill, ambao walichunguza wagonjwa wa hospitali za London, na mwaka 1950 wakatangaza kwamba uvutaji wa sigara unahusiana na saratani ya mapafu. Mwaka 1951 wakawaandikia madaktari wote wa Uingereza, na wapatao 40,000 wakawajibu. Watu hao walifuatwa mwaka hata mwaka, na hesabu ya vifo ikadhihirisha jambo lile. Tangu meko ya Utah mpaka siku hiyo ilikuwa imepita miaka zaidi ya 12,000. Leo Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka.

Wapo wasemao, "Mimi sivuti, nanusa tu," au "natafuna tu." Yafaa wajue kwamba tumbaku isiyochomwa nayo husababisha saratani ya kinywa, ya kongosho, na ya umio, yaani njia ya chakula. Saratani ya umio ni miongoni mwa zile zinazoonekana sana nchini Kenya. Tena tumbaku ya namna yoyote, ikitumiwa na mama mjamzito, humdhuru mtoto aliye tumboni.

MASHAURI

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku mtu asiyetimiza miaka 18. Basi mzazi asimtume mtoto dukani kununua ugoro, kwa maana aliyetumwa leo ataonja kesho.

Anayetaka kuacha asikate tamaa akishindwa mara ya kwanza. Mazoea yana taabu, na nikotini hushika ubongo kwa nguvu. Lakini siku zilizo ngumu zaidi ni zile za mwanzo. Mvutaji aliyeacha kwa muda wa miaka 10 hatari yake ya kufa kwa saratani ya mapafu hupungua hata kufikia karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Mwenye kidonda cha kinywa kisichopona, au anayeona chakula kinakwama kooni, aende hospitali mapema bila kungoja maumivu.

Wakulima wa Burat wanaopanda nyanya kwa maji ya mto wana sababu nyingine ya kuangalia. Nyanya na tumbaku ni mimea ya jamaa moja, na kuna ugonjwa unaokausha nguvu za nyanya na kuyatia majani madoa, ambao huweza kuchukuliwa kwa mikono ya mtu aliyeshika tumbaku. Kabla ya kugusa miche, mtumiaji wa tumbaku anawe mikono kwa sabuni.

Na katika habari za posa, heshima ya mzee haimo katika jani. Sukari na majani ya chai vimekwisha kubaliwa nyumbani mwingi, na hakuna ndoa iliyovunjika kwa ajili hiyo.