Nani atasimama mdhamini wa maskini?



Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho ndugu zetu Waprotestanti wengi hawanacho katika Biblia zao, kuna sura tunayoisoma kwa nadra mno. Ni sura ya 29. Mwandishi anaanza na mkopo. Anamsifu anayemkopesha jirani mwenye shida, kisha anamchora mkopaji bila kumpaka mafuta: siku ya kukopa ananyenyekea na kubusu mikono, siku ya kulipa anatafuta visingizio na kulalamikia nyakati. Baada ya mkopo anahamia kwenye sadaka, kisha udhamini, na mwisho nyumba. Anaitaja nyumba pamoja na maji, mkate na nguo kama mahitaji ya kwanza ya mwanadamu, na anamwonea huruma mtu anayehama kutoka mlango hadi mlango, ambaye kila anapokaa hathubutu kufungua kinywa kwa sababu pale si kwake.

Deni, sadaka, udhamini na nyumba, vyote katika sura moja. Zamani niliona ni mambo manne aliyoyakusanya tu, kama wafanyavyo waandishi wa vitabu vya hekima. Siku hizi naona alikuwa anamfuata mtu yuleyule mmoja hatua kwa hatua.

Mtu huyo yupo hata leo, na yupo hata katika nchi tunazodhani zimeshamaliza shida hizi. Chukua Uingereza, ambako familia nyingi za parokia zetu zina mtoto, mpwa au shemeji. Kule, mtu mwenye kipato kidogo na haki ya kudumu ya kuishi nchini anaweza kupata msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba. (Wageni wengi walioko kwa viza ya muda hawaruhusiwi kabisa kuugusa, jambo ambalo wazazi hapa nyumbani hawalijui wanaposema “si serikali ya huko inawalipia?”) Wengi wanaopata msaada huo wanafanya kazi. Wanasafisha ofisi, wanahudumia wazee, wanapanga bidhaa maghalani, na mshahara hautoshi.

Tatizo ni namna msaada unavyokuja. Malipo ya kwanza huchukua kama wiki 5 tangu mtu aombe, wakati mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi kabla hujaingiza godoro, pamoja na amana ambayo kwa nyumba nyingi inaweza kufika kodi ya wiki 5. Serikali iko tayari kutanguliza fedha kidogo, lakini hiyo ni mkopo, hukatwa katika malipo yanayofuata. Tena msaada una kikomo kulingana na eneo, na mara nyingi kodi inayodaiwa mitaani iko juu ya kikomo hicho. Kijana asiye na familia aliye chini ya miaka 35, kwa kawaida, huhesabiwa chumba tu katika nyumba ya kushirikiana na wengine.

Juu ya hayo kuna rekodi ya mikopo. Kampuni maalumu huweka kumbukumbu za kila mtu: bili ya simu iliyochelewa, kadi ya benki iliyomshinda, mkopo alioukimbia. Akishtakiwa kwa deni, mahakama ikatoa hukumu, na yeye asilipe lote ndani ya mwezi mmoja, hukumu hiyo hukaa katika kumbukumbu miaka 6. Hata akija kulipa baadaye, itaandikwa tu kwamba amelipa. Wakala wa nyumba anafungua kompyuta, anaona, anafunga. Kumbukumbu hiyo haisemi kama mtu alikuwa mlevi au alikuwa anauguza mtoto.

Haki itendeke kwa wenye nyumba pia. Sipendi mahubiri yanayomfanya kila mwenye nyumba kuwa Farao. Wengine ni wajane wenye nyumba moja, inayodaiwa na benki, na mpangaji asipolipa miezi minne benki haisubiri. Kumtoa mpangaji kwa njia ya sheria huchukua muda mrefu na fedha nyingi. Hofu yao ina msingi. Lakini hofu ikiachiwa iandike masharti peke yake, huandika mabaya. Kwa miaka mingi matangazo ya vyumba nchini humo yalibeba maneno yaliyomaanisha kwamba wanaopokea msaada wa serikali wasijisumbue kupiga simu. Mwaka 2020 mahakama katika mji wa York iliamua kwamba kuwakataa watu wote wa aina hiyo kwa jumla, bila kuangalia hali ya mmoja mmoja, ni ubaguzi unaovunja Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, kwa kuwa wanaoumizwa zaidi ni wanawake na watu wenye ulemavu. Aliyeleta shauri lile alikuwa mama anayelea watoto peke yake, naye ana ulemavu. Alisaidiwa na shirika la Shelter, lililoanzishwa mwaka 1966 na mchungaji wa Kanisa la Scotland, Bruce Kenrick. Nasi Wakatoliki tulikuwamo katika kazi hiyo mapema: miaka 10 kabla ya hapo walei wa London, akiwemo mwandishi Maisie Ward, walikuwa wameanzisha chama cha Kikatoliki cha kusaidia familia kupata makazi.

Sasa England imepata Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025. Inakataza kumbagua mtu kwa kuwa anapokea msaada, na inazuia wenye nyumba kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele. Msomaji wa Dar es Salaam atashusha pumzi ya wivu hapo, maana sisi tumezoea kudaiwa miezi 6 au mwaka mzima, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Kwa mtu mwenye rekodi mbaya, hata hivyo, kulipa miezi 6 kwa mkupuo ndiyo ilikuwa njia ya kumtuliza mwenye nyumba, kama angeweza kuazima fedha kwa ndugu. Njia hiyo imefungwa kwa nia njema. Mwenye nyumba bado ana haki ya kupima kama mtu ataweza kulipa, na kinachobaki mkononi mwake ni swali moja: una mdhamini?

Na mdhamini si mtu yeyote. Mara nyingi anatakiwa awe anaishi hukohuko, awe na rekodi safi, na kipato cha mwaka kinachozidi sana kodi ya mwaka mzima, pengine mara tatu. Mzaliwa wa pale ana mjomba. Binti yetu aliyetoka Moshi au Kisumu, mjomba wake yuko shambani na rekodi yake ya mikopo iko katika daftari la duka la jirani.

Hapo ndipo Maandiko yanapotusumbua, kwa sababu hayasemi kitu kimoja. Kitabu cha Mithali kinaonya tena na tena dhidi ya kuweka dhamana kwa ajili ya mwingine. Kinafika mahali pa kuonyesha mdhamini akinyang’anywa kitanda alicholalia. Mtu yeyote aliyewahi kubebeshwa deni la mwenzake katika kikundi cha kukopeshana anajua kitabu hicho hakitanii. Nimeona akina mama wakitolewa makochi na sufuria kwa ajili ya mwanakikundi aliyehamia mkoa mwingine usiku. Bin Sira anayajua hayo yote. Anakiri kwamba udhamini umewafilisi watu waliokuwa na mali na kuwatupa baharini kama mawimbi. Pamoja na hayo anasema mtu mwema humdhamini jirani yake, na kwamba anayemtelekeza ni yule aliyepoteza aibu. Kisha anaweka kipimo: msaidie kwa kadiri ya uwezo wako, ukijihadhari usianguke wewe.

Mtume Paulo alifanya jambo hilo kwa mkono wake. Katika waraka mfupi kwa Filemoni anaandika kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, deni hilo lihamishiwe kwake. Tazama aliyeandika hivyo: mfungwa, mzee, asiye na mshahara wala anuani ya kudumu. Wakala yeyote wa nyumba angeirudisha fomu yake. Ila Filemoni alimjua Paulo, na Paulo alimjua Onesimo, na dhamana ilisimama juu ya kujuana huko. Waraka kwa Waebrania nao unamwita Yesu mwenyewe mdhamini wa agano. Tunaokiri hivyo kila Dominika tuna sababu ya kulitazama neno hilo kwa makini linapotokea katika mkataba wa chumba.

Kompyuta inajua kwamba mtu alishindwa kulipa. Jumuiya Ndogo Ndogo inajua kwa nini, na inajua kama amebadilika. Ujuzi huo una thamani ya fedha, nasi tunauacha ulale. Huko Uingereza baadhi ya halmashauri na mashirika ya hisani, yakiwemo ya Kikristo, hutoa dhamana ya maandishi badala ya amana: mwenye nyumba hapokei fedha, anapokea ahadi kwamba hasara ikitokea italipwa hadi kiasi fulani. Hiyo ni sura ya 29 iliyoandikwa kwa lugha ya mkataba.

Hapa kwetu barua ya paroko huthibitisha kwamba mtu amebatizwa na anashiriki jumuiya. Ni barua nzuri, lakini mama mwenye nyumba halipi umeme kwa barua ya ubatizo. Tuseme mjane aliyeharibiwa na mikopo ya kausha damu anatafuta chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Akidaiwa miezi 6 na ya dalali, ni 350,000, ambazo hana. Jumuiya ya familia 15 inaweza kumwendea mwenye nyumba, ambaye pengine naye ni muumini wetu, na kusema: mpokee kwa mwezi mmoja mmoja, na akikwama, sisi tutalipa hadi miezi 3, si zaidi, kwa mwaka huu. Hata mambo yakiharibika kabisa, ni 10,000 kwa kila familia. Hakuna atakayetolewa kochi. Iandikwe, isainiwe, na mjane mwenyewe awepo asikie, kwa sababu Bin Sira ana neno kwake pia: asisahau fadhila ya mdhamini, kwani mtu huyo ametoa nafsi yake kwa ajili yake.

Wenye watoto Uingereza, waambieni wanaweza kuisoma rekodi yao ya mikopo bila malipo na kudai makosa yasahihishwe, na wanaopata msaada wa kodi wanaweza kuomba, wakiwa na malimbikizo au shida ya kutunza fedha, ulipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Na jumuiya zitakapokutana wiki hii, someni sura hiyo ya 29 yote, pamoja na mistari isiyopendeza, kisha ulizeni katika jumuiya yenu ni nani anayehama mwezi ujao na hana pa kwenda.